Uvimbe Kichwani: Uliza ni wa Aina Gani

Somo letu safari hii ni la afya. Tunawaomba mlisome polepole, ikiwezekana mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize, kwa maana lina maneno magumu machache. Tutayafungua moja moja.

Tumelileta kwa sababu hii. Katika vijiji tunavyotembelea, daktari akishatamka maneno "uvimbe kwenye ubongo", watu hufanya moja kati ya mambo mawili. Wengine hukata tamaa siku hiyo hiyo, wakamrudisha mgonjwa nyumbani kungojea mwisho wake. Wengine huuza ng'ombe, kisha kipande cha shamba, wakaitisha harambee, na ukiwauliza uvimbe wenyewe ni wa aina gani, hakuna ajuaye. Wote hao wamepita swali la kwanza bila kuliuliza. Kuna uvimbe wa kichwani unaoua kwa miezi, na kuna mwingine ambao mtu huishi nao miaka ishirini akafa kwa uzee wake tu. Leo tutasema juu ya mmoja, ambao katika nchi zinazoweka hesabu ndio unaoonekana zaidi ya wote unaoanzia kichwani. Unaitwa meninjioma.

UNAOTA WAPI?

Chukueni yai la kuchemsha. Ganda lake ndilo fuvu. Ukibandua ganda, unakuta kijingozi chembamba kabla ya kufika kwenye weupe. Ubongo nao una ngozi zake, tena ni tatu. Ya nje ni ngumu, imeshikana na fuvu. Ya kati ni nyororo mfano wa utando wa buibui. Ya ndani imelala juu ya ubongo wenyewe. Ngozi hizi hushuka zikafunika pia uti wa mgongo, na ndizo zinazoshikwa na ile homa ya uti wa mgongo tunayoijua sote.

Meninjioma huanza katika seli za ngozi ya kati. Kwa hivyo, tukisema kweli kabisa, huu ni uvimbe wa ngozi ya ubongo. Hukua ukisukuma kuelekea ndani, na ubongo hubonyea kama godoro lililowekewa jiwe. Jina hilo lilitolewa mwaka 1922 na Harvey Cushing, daktari wa upasuaji wa Marekani, ambaye mwaka 1938 alitoa kitabu kikubwa juu ya uvimbe huu pamoja na Louise Eisenhardt.

Sasa mtu atauliza: kama si ubongo wenyewe, wasiwasi ni wa nini? Wasiwasi ni fuvu. Tumbo likiwa na uvimbe hutanuka, hata watu wakaona. Fuvu la mtu mzima halitanuki hata kidogo. Kitu kikikua mle ndani, hata kiwe kipole namna gani, lazima kifinye kitu kingine.

DALILI HUFUATA MAHALI

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Dalili za uvimbe huu hutegemea umekaa wapi. Ukiwa karibu na mishipa ya macho, mtu huanza kupoteza kuona. Ukiwa juu upande mmoja, mguu au mkono wa upande wa pili hulegea. Wengine huanguka kifafa kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima wenye watoto wakubwa. Maumivu ya kichwa yapo, lakini huja polepole na kuzidi mwezi baada ya mwezi, pengine na kutapika asubuhi. Na kwa sababu uvimbe wenyewe hukua taratibu, watu huzoea.

Mahali pabaya zaidi kwa kueleweka vibaya ni chini ya paji la uso. Tulipata kumfahamu mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha kusuka vikapu. Alikuwa mtu wa daftari safi. Baadaye akaanza kuchanganya hesabu, akawa mkali kwa wenzake, hata siku nyingine akaondoka mkutanoni bila kuaga. Nyumbani maziwa yaliungua jikoni naye ameketi pale pale, hasikii harufu. Mume alisema amekuwa mjeuri. Kikundi kilisema amekula pesa, kikamtoa. Wengine wakasema ana mapepo. Ilipita zaidi ya mwaka kabla binti yake kumpeleka kupigwa picha ya kichwa, na kumbe kulikuwa na uvimbe mkubwa kama limau, umekalia mishipa ya kunusa na ile sehemu ya ubongo inayotuongoza katika tabia na mipango. Alipasuliwa. Tishu ilipopimwa ilikuwa meninjioma ya daraja la 1. Kikundi kilimrudisha, ingawa kazi ya hazina aliikataa yeye mwenyewe. Kunusa hakukurudi.

Lakini jameni, msisome hapa kisha kila anayeumwa kichwa mkampeleka Nairobi. Kichwa kuuma huletwa na malaria, shinikizo la damu, macho, njaa, hata mawazo. Kifafa cha mtu mzima nacho kina sababu nyingi, mojawapo ni mayai ya minyoo ya tegu ya nguruwe kuingia mwilini na vijidudu vyake kufika kichwani. Kinachotakiwa ni kwamba mtu mzima aliyeanguka kifafa kwa mara ya kwanza, au anayepoteza kuona, kunusa, nguvu za upande mmoja au tabia yake ya kawaida, aonwe na daktari, asiachwe kwa mganga. Na akianguka, mlazeni ubavu. Msimtie kijiko mdomoni.

RIPOTI YA MAABARA INASEMA NINI?

Picha ya CT au MRI huonyesha uvimbe uko wapi na ni mkubwa kiasi gani. Mara nyingi daktari akiona picha huweza kukisia kwamba ni meninjioma. Lakini aina yake hasa hujulikana baada ya upasuaji, kipande cha tishu kikipelekwa kwa daktari wa patholojia akakitazama kwa darubini. Yeye huandika mambo mawili: aina ya tishu na daraja.

Aina za tishu ni 15 kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021. Hatutazitaja zote, maana majina yake yatawachosha bure. Zinazoonekana sana ni tatu. Katika ya kwanza, seli hukaa kwa mafungu na kujizungusha kama maganda ya kitunguu. Katika ya pili, zimejinyoosha kama nyuzi za katani. Ya tatu ni mchanganyiko wa hizo mbili. Kuna nyingine yenye vichembe vingi vya chokaa, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki la mchanga. Hii hupatikana mara nyingi kwenye uti wa mgongo. Nyingine imejaa mishipa ya damu. Nyingine tena hufanya ubongo ulio kando yake uvimbe maji, hata uvimbe mdogo ukaleta shida kubwa. Hizi zote tulizotaja kwa kawaida ni pole.

Basi, ukipewa ripoti yenye jina refu, usihangaike na jina kabla ya kutafuta neno "daraja". Madaraja ni matatu.

Daraja la 1 ni ule mpole. Hukua polepole, hausambai mwilini, na ndio kama 80 kati ya kila 100. Hebu rudieni hapo, msomaji asome tena kwa sauti: karibu 80 kati ya 100.

Daraja la 2 ni wa katikati. Daktari huhesabu seli zinazogawanyika katika sehemu kumi za darubini. Akikuta 4 hadi 19, au akiona uvimbe umepenya ndani ya ubongo, huuweka hapa. Huu hupenda kurudi baada ya kutolewa, kwa hivyo huenda mgonjwa akahitaji mionzi baada ya kisu. Ni kama 15 hadi 20 kati ya 100. Kuna aina mbili za tishu ambazo huwekwa katika daraja hili kwa sababu ya tabia yao ya kurudi, hata kama seli zinazogawanyika ni chache.

Daraja la 3 ndio mkali, yaani saratani kamili. Seli zinazogawanyika hufika 20 au zaidi. Ni kati ya 1 na 3 katika kila 100. Siku hizi maabara kubwa hupima pia chembe za urithi za uvimbe, na mabadiliko fulani yakionekana huwekwa daraja la 3 hata kama kwa darubini ulionekana mpole. Kipimo hicho hakipatikani kila mahali, na kukikosa kusimfanye mtu akatae matibabu.

Neno moja juu ya huo upole. Mpole wa mahali pabaya ni mbaya. Daraja la 1 lililoshika mishipa ya macho au mshipa mkubwa wa damu chini ya ubongo laweza kuwa gumu kulitoa kuliko daraja la 2 lililo juu karibu na fuvu. Kwa hivyo maswali ni matatu: ni daraja gani, uko wapi, na umetolewa wote au umebaki?

Swali hilo la tatu halina mzaha. Mwaka 1957 daktari Donald Simpson alichapisha matokeo ya wagonjwa waliopasuliwa. Wale waliotolewa uvimbe wote pamoja na ngozi ulipoota na mfupa ulioguswa, 9 kati ya 100 walirudiwa. Wale waliotolewa sehemu tu, 44 kati ya 100. Upasuaji umeendelea sana tangu hapo, lakini fundisho lake bado hutumika. Hata mgonjwa maarufu wa Cushing aliona jambo hilo. Leonard Wood, jenerali wa Marekani na daktari pia, alipasuliwa mwaka 1910. Akapona, akaongoza jeshi lote la nchi yake hadi 1914, na kuanzia 1921 akawa gavana mkuu wa Ufilipino. Uvimbe ulirudi. Alikufa 1927 baada ya kupasuliwa tena. Miaka kumi na saba ya kazi kubwa aliipata, tena wakati ambapo hapakuwa na CT wala MRI.

NI WANGAPI WANAOUPATA?

Marekani huweka hesabu nzuri ya jambo hili. Kati ya uvimbe wote unaoanzia kichwani au kwenye uti wa mgongo, karibu 4 kati ya 10 ni meninjioma. Kwa mwaka mmoja hupatikana kwa watu kama 10 katika kila 100,000. Wanawake ni zaidi ya mara mbili ya wanaume, na Wamarekani weusi huupata kupita kidogo wale weupe. Wengi hugunduliwa wakiwa na zaidi ya miaka 60. Kwa watoto ni nadra sana. Marekani ina wazee wengi kuliko sisi, kwa hivyo msiichukue hesabu hiyo mkaipachika kwenye lokesheni yenu kama ilivyo.

Kuna hesabu nyingine inayotupendeza zaidi. Huko Rotterdam, Uholanzi, watu 2,000 wa makamo na wazee ambao hawakuwa na malalamiko ya kichwa walipigwa picha za MRI, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Watu 18 kati yao walikutwa na meninjioma. Walikuwa wakienda zao sokoni na kanisani bila kujua. Ndiyo maana daktari akiona uvimbe mdogo usio na dalili kwa mzee, huenda akasema, "Tuuangalie tu, rudi baada ya miezi sita." Familia nyingi husikia hayo wakadhani wamefukuzwa au ni kwa sababu hawana pesa. Hapana. Kungojea na kupima tena ni matibabu halali kabisa, mradi mtu arudi kweli.

UNALETWA NA NINI?

Kwa wagonjwa wengi hakuna sababu inayoonekana. Hakuna aliyewaroga, wala si adhabu. Katika familia chache kuna kasoro ya urithi inayoleta uvimbe mwingi wa namna hii, na hao madaktari huwatambua. Simu ya mkononi imechunguzwa sana na haikuonekana kuwa chanzo.

Sababu iliyothibitishwa vizuri ni mionzi mingi kichwani, hasa utotoni. Kisa chake ni cha kusikitisha, na kinahusu mapunye, mashilingi haya haya ya watoto wetu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi 1960, Israeli iliwatibu maelfu ya watoto wenye mapunye kwa kuwapiga mionzi kichwani ili nywele zianguke. Wengi walikuwa watoto wa wahamiaji kutoka Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati. Walipofuatiliwa miaka mingi baadaye, meninjioma ilikuwa imewapata karibu mara kumi kuliko wenzao. Mwaka 1994 nchi hiyo ilitunga sheria ya kuwalipa fidia. Leo mapunye ya kichwani hutibiwa kwa vidonge. Na eksirei ya kifua au ya mguu uliovunjika ni kitu kingine kabisa, msiikatae kwa sababu ya kisa hiki.

Sasa lile ambalo akina mama wamekuwa wakituuliza: sindano ya miezi mitatu, Depo. Msimamo wa Kanisa juu ya kupanga uzazi mnaujua na si somo la leo. Lakini haifai kutumia ugonjwa kuwatisha watu, wala haifai kuficha lililojulikana, kwa hivyo tutalisema lilivyo.

Meninjioma nyingi huvutwa na homoni ya kike iitwayo projesteroni. Hilo huenda ndilo linalofanya wanawake wawe wengi. Mwaka 2024 watafiti wa Ufaransa walilinganisha wanawake 18,061 waliopasuliwa meninjioma na wengine 90,305 wasiokuwa nayo. Kati ya waliopasuliwa, 9 walikuwa wametumia sindano hii. Kati ya wale wengine, 11. Kwa hesabu ya watafiti hao, hatari ilikuwa zaidi ya mara tano, na ilionekana kwa waliotumia mwaka mmoja au zaidi. Mwaka huo huo wakuu wa dawa wa Ulaya na wa Uingereza walitaka onyo liandikwe kwenye karatasi ya dawa. Kitanzi chenye homoni hakikuonyesha hatari hiyo katika utafiti huo.

Mara tano ni neno la kutisha, lakini ni mara tano ya kitu gani? Ya kitu kidogo sana kwa mama wa umri wa kuzaa. Ukiangusha punje tano za mahindi badala ya moja kwenye gunia la maharagwe, bado gunia ni la maharagwe. Tunalotaka mama ajue ni hili: kama ana meninjioma au aliwahi kuwa nayo, amwambie muuguzi kabla ya kuchomwa sindano yoyote ya uzazi. Kama ameitumia miaka mingi na sasa kichwa kinazidi, macho yanafifia au ameanguka kifafa, ataje sindano hiyo kwa daktari bila haya. Na asiiache ghafla kwa kuogopa somo hili. Azungumze kwanza kliniki, maana mimba isiyotarajiwa ina hatari zake.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Mwanachama akiambiwa ana uvimbe, mtu mmoja anayejua kusoma vizuri afuatane naye siku ya daktari, na daftari. Aandike majibu ya yale maswali matatu. Harambee ije baada ya hapo, si kabla. Tumeona familia ikichanga kwa ajili ya upasuaji ambao daktari hakuwa ameuagiza, na tumeona nyingine ikichanga ya kisu ikasahau kwamba baada ya kisu kuna picha za kila mwaka, dawa za kifafa na nauli.

Hakikisheni kila mwanachama ameandikishwa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, na muulize mapema ofisini italipia nini na nini hailipii. Upasuaji wa namna hii hufanywa katika hospitali kubwa za rufaa kama Kenyatta ya Nairobi na ile ya Moi kule Eldoret. Pateni barua ya rufaa kwanza.

Na ile karatasi ya patholojia isikae mfukoni mwa shati. Pigeni nakala mbili, moja abaki nayo mgonjwa na nyingine ikae na ndugu anayeaminika. Uvimbe ukirudi baada ya miaka tisa, daktari mpya ataitafuta hiyo kabla ya kitu kingine.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Je, kuna mtu kijijini kwetu ambaye tabia yake ilibadilika na tukamhukumu kabla ya kumpeleka hospitalini? Tusitaje majina, tuzungumze tulivyofanya.

2. Mzee ameambiwa ana uvimbe mdogo na arudi baada ya miezi sita. Wanawe wanataka kuuza shamba apasuliwe sasa. Mtawaambia nini?

3. Katika kikundi chetu, ni nani anaweza kufuatana na mgonjwa na kuandika majibu ya daktari? Nauli yake itatoka wapi?